Filimbi ya Mangobo

Hewa ya Kisangani humwelemea mgeni tangu anaposhuka ngazi za ndege, lakini kwa mti uliokauka hewa hiyo ni dawa. Mji uko nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta. Msitu umeuzunguka, Mto Kongo umeukata vipande viwili, Mto Tshopo unapita upande wa kaskazini, na mvua hunyesha karibu kila mwezi, zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka. Shati lililoanikwa asubuhi jioni bado lina ubichi kwenye mishono. Fundi wa ala za mbao akifika mji mgeni hutazama kwanza kamba za nguo, maana hapo ndipo atajua mti unaishi vipi katika mji huo. Kutoka uwanja wa ndege wa Bangboka hadi mjini nilikuwa nimeziona kamba za kutosha, nikaanza kuwa na matumaini.

Nilikwenda kwa ajili ya filimbi moja. Nina karakana Gerezani, Dar es Salaam. Kazi inayonilisha ni kunyoosha tarumbeta za bendi za shule na kubadilisha pedi za saksafoni za makanisa. Kazi niipendayo ni nyingine: filimbi za kulaza za mbao, za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kabla filimbi za madini hazijashika soko. Nanunua zilizovunjika, natengeneza, napuliza. Mama mmoja wa Kisangani anayekuja Kariakoo kufuata vitenge aliniletea tarumbeta ya kanisa lao, akaona filimbi juu ya meza yangu, akasema mjomba wake anayo kama ile, iko Mangobo, mtaa wa mji huo, aliirithi kwa baba yake. Wiki iliyofuata picha zikaingia kwenye simu. Mti mweusi, vifuniko vya madini meupe vilivyoota kutu ya kijani, na karibu na tundu la mdomo mhuri uliofutika nusu: C. MAHILLON, na chini yake BRUXELLES.

Jina hilo halipiti hivi hivi mbele ya mtu wa kazi hii. Charles Mahillon alifungua karakana yake Brussels mwaka 1836. Mwanawe, Victor-Charles, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kwanza wa jumba la makumbusho ya ala za muziki lililoanzishwa katika chuo cha muziki cha mji huo mwaka 1877. Kati ya vitu vya mwanzo vya jumba hilo ni ala zipatazo 100 za Kihindi ambazo Raja Sourindro Mohun Tagore alimzawadia Mfalme Leopold wa Pili. Ni Leopold yuleyule ambaye mwaka 1885 aliifanya Kongo kuwa mali yake binafsi. Filimbi ya Brussels kufika Kisangani, basi, si ajabu. Kilichonivuta mimi ni mti wenyewe. Wakerezaji wa Ulaya walianza na mti wa manjano wa kwao, wakapata mti mgumu wa visiwa vya Karibiani, na baadaye karne hiyohiyo ya 19 wakaujua mpingo wetu, unaoota Kilwa, Lindi, Ruvuma na kaskazini mwa Msumbiji. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitiwa majini kinazama. Hauli mafuta mengi, haubadiliki umbo upesi, na ukikerezwa vizuri ukingo wa tundu hubaki mkali miaka mingi. Mti ulikatwa pwani yetu, ukasafiri hadi Ubelgiji, ukarudi Afrika kupitia mlango wa Mto Kongo, ukapanda kilomita zipatazo 1,700 za mto kutoka Kinshasa, ukaishia kwenye nyumba ya mabati Mangobo. Nilitaka kuushika.

Nilipita Nairobi na Kinshasa, kisha ndege ya ndani. Katika mkoba nilikuwa na uzi wa pamba, nta ya nyuki, msasa wa namba ndogo, gundi, ngozi laini ya mbuzi, fimbo ya kupimia, na kichupa cha vumbi jeusi ambacho maofisa wa kila uwanja walikifungua na kukinusa. Vumbi hilo ni la mpingo. Hunipa wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, wanapomaliza kupiga msasa. Nyufa za filimbi ya mpingo huzibwa kwa mpingo, na wale wanaoziba kwa nta nyeusi au lami ya viatu wanaficha tu ugonjwa.

Mswahili akifika Kisangani hasikii ugeni wa lugha. Mji ulianza kama kituo mwaka 1883 kikaitwa Stanley Falls, na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, alikubali kule Unguja kuwa gavana wake kwa niaba ya Leopold. Watu wa misafara yake walibaki, wakaoa, wakajenga, na lugha ikabaki nao. Leo Kiswahili kinapigana bega kwa bega na Kilingala sokoni. Kijana wa pikipiki aliyenibeba aliniita papa ingawa mvi zangu si nyingi, akaniuliza, "Papa, uko nakwenda Mangobo ya wapi?" na njia nzima akanieleza bei ya petroli, bei ya samaki wa wavuvi wa Wagenia na shida za daraja la mtaani kwao, yote kwa Kiswahili ambacho nilikifuata bila taabu.

Kabla ya Mangobo nilipitia Makiso, katikati ya mji, kwa wauza vitu vya kale. Nasema hili kwa faida ya yeyote anayetaka kununua. Mwuzaji mmoja alinitolea filimbi ya mti aliyosema ni ya babu wa babu yake. Ilikuwa nyeusi, inanuka moshi. Niliigeuza kwenye mwanga nikatazama mambo matatu. Kwanza kingo za matundu: filimbi iliyopulizwa miaka mingi kingo zake huwa zimelainika kwa ngozi ya vidole, na hazilainiki sawa, kwa sababu kila kidole kina tabia yake; hii kingo zake zote zilikuwa kali kama zimetobolewa juzi. Pili sehemu ya mdomo: kidevu na mdomo wa chini huacha mng'aro, hapa hapakuwa na kitu. Tatu tumbo la ndani: pumzi ya mtu ni maji, na mti uliopuliziwa maji muda mrefu huwa na weusi ulioingia ndani kabisa, hasa upande wa kichwa, hii ndani ilikuwa nyeupe. Nilimshukuru, nikamrudishia. Ni kitu kizuri cha kupamba ukuta na mchongaji wake ana mkono. Bei aliyotaja ilikuwa bei ya babu wa babu.

Mzee wa Mangobo alinipokea barazani. Ni mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa. Mkewe alileta viti, kisha sombe, yaani kisamvu, na samaki, na hapakuwa na mazungumzo ya filimbi mpaka tumekula. Baba yake, alisema, alikuwa mpiga filimbi katika bendi ya Force Publique hapa mjini, enzi mji ukiitwa Stanleyville. Jeshi hilo la kikoloni lilipokwisha mwaka 1960 bendi ilitawanyika, na filimbi ikaja nyumbani. Ilipita mwaka 1964 wa waasi wa Simba. Ilipita siku za tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigania mji huu kwa mizinga, watu wakalala chini ya vitanda.

"Wakati ya vita tulificha yeye juu ya jiko," mzee akasema, akionyesha dari la jikoni, mahali ambapo moshi wa mafiga hukausha mahindi ya mbegu. "Hapo hakuna mtu iko natafuta."

Nilielewa ufa ulitoka wapi kabla hajafungua kitambaa. Filimbi za aina hii zina kichwa cha mti ambacho ndani yake kimevishwa bomba jembamba la madini. Mti hupanuka ukinywa unyevu na hunywea ukikauka. Bomba halifanyi hivyo. Ukiuweka mti huo juu ya moto, utanywea ukitaka kuwa mwembamba kuliko bomba lililomo ndani yake, na kwa kuwa bomba haliuachii nafasi, mti hupasuka kwa urefu. Nimeona vichwa vingi vya namna hiyo, na karibu vyote vilipasuka kwa sababu hiyo moja. Cha mzee kilikuwa na ufa kuanzia kwenye shingo hadi karibu na tundu la mdomo. Mwili wa filimbi, ambao hauna bomba, ulikuwa mzima kabisa.

Nilichukua kipande cha karatasi ya sigara nikajaribu kukiingiza kwenye ufa. Kiliingia kwa shida, kikakwama. Kwa miaka 20 na ushee tangu vita vile, filimbi ilikuwa imekaa sebuleni katika hewa ya Kisangani, na mti ulikuwa umejirudia wenyewe, umejaa tena, umejifunga karibu wote. Laiti mtu angeinunua miaka hiyo akaipeleka mahali pakavu, ufa huo ungefunguka mpaka kwenye tundu la mdomo na filimbi ingekufa.

Hapo ndipo shabaha ya safari yangu ilipobadilika, na naomba nieleze sababu, maana ni ya kifundi. Nilikuwa na mteja Nairobi aliyekuwa tayari kulipa vizuri. Vikwazo vya makaratasi vimepungua: mkataba wa CITES uliiweka jamii nzima ya mipingo chini ya udhibiti kuanzia Januari 2017, lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zinapita mipaka bila cheti kilichotakiwa awali. Kwa hiyo wanunuzi wamerudi. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Januari yake ni kavu. Mti uliokaa karibu karne nzima katika hewa ya msitu wa Kongo ukipelekwa kule unatakiwa kujifunza upya kuishi, na mti mzee haujifunzi kwa urahisi. Tunaonunua vitu hivi tunazoea kuuliza kwanza vina thamani gani. Swali la kwanza lingekuwa vimezoea unyevu gani. Nikamwambia mzee kwamba nitaitengeneza hapahapa, na mambo ya kuuza tuyaache kwanza.

"Ndiyo, fundi," akasema. "Tengeneza. Tutaongea nyuma."

Kazi ya kwanza ilikuwa kungoja. Niliweka kichwa ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na kitambaa kibichi kisichokigusa, nikaiacha ndoo kivulini. Mti usilazimishwe, ukinyweshwa kwa pupa, nje hupanuka na ndani hubaki vilevile, na unapata ufa wa pili. Kila jioni nilikuja kujaribu karatasi yangu. Katikati nilikuwa na muda wa kutembea.

Nilishuka Yakusu kwa mtumbwi wa mashine, kama kilomita 20 chini ya mto, kijiji cha Walokele ambako Wabaptisti wa Uingereza walijenga misheni na hospitali. Watu wa muziki wanalijua jina la Yakusu kwa sababu ya John Carrington, mmisionari aliyefika Kongo mwaka 1938, akajifunza kupiga lokole mpaka akatambuliwa na wenyeji kuwa mpigaji, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya ngoma zinazosema. Lokole si ngoma ya ngozi. Ni gogo zima lililochimbwa tumbo kupitia mwanya mwembamba, aghalabu la mti mwekundu wanaouita ngula. Mdomo mmoja wa mwanya huchongwa mwembamba kuliko mwenzake, hivyo mmoja hutoa sauti ya juu na mwingine ya chini. Kilokele ni lugha ya toni, na lokole hufuata toni za maneno. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji halipigi neno peke yake. Hulifungia ndani ya sentensi ndefu inayojulikana, ili msikilizaji wa kilomita kadhaa, usiku, asichanganye mwezi na kuku. Nilionyeshwa moja la zamani chini ya mchirizi wa paa la nyumba. Ncha moja ilikuwa imepasuka na kufungwa waya. Mwenyewe, mzee wa miaka mingi, alinieleza kwamba mvua hailidhuru, jua ndilo adui. Aliyeliazima kwa sherehe alilisahau uwanjani mchana kutwa. Kisha akapiga. Ile sauti ya chini haikuingia masikioni, iliingia kifuani. Na ufa ule wa nchani haukuharibu kitu, kwa sababu sauti ya lokole inakaa kwenye midomo ya mwanya.

Filimbi zenyewe, zinazopulizwa leo na watu wengi kwa pamoja, Kisangani nilizikuta kwa Wakimbangu. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya Nkamba, Kongo ya chini, mwezi Aprili 1921. Miezi michache baadaye alikamatwa, na alifia gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake serikali ya Ubelgiji iliwahamisha kwa nguvu, wengi wakaletwa mikoa ya juu ya mto; Lowa, kusini mwa Ubundu kando ya Mto Lualaba, ni moja ya kambi walikofungwa. Kwa kuwatawanya, serikali ililitawanya kanisa lao nchi nzima. Kanisa hilo lina bendi ya shaba na lina kundi la wapiga filimbi wanaoitwa Fluki, na nyimbo zao nyingi huaminiwa kuwa zimepokelewa kutoka juu, katika ndoto au katika maombi, kisha zikafundishwa kwa waumini.

Jumamosi alasiri nilivua viatu langoni, kama inavyotakiwa, nikaomba ruhusa kusikiliza mazoezi. Wavulana kwa wasichana walijipanga kwa mistari, kijani na nyeupe, kila mmoja na filimbi yake ya kulaza: fupi mbele, ndefu nyuma, zile ndefu kabisa mikononi mwa watu wazima wenye mikono inayofika. Kiongozi aliinua mkono. Sikutarajia uzito ule. Nilizoea filimbi kama sauti moja nyembamba. Hapa sauti nne zilikuwa zinatembea pamoja, za chini zikiwa na pumzi nyingi kuliko noti, hata ukasikia upepo wenyewe kabla ya wimbo. Kulikuwa na msichana mstari wa pili aliyepulizia kwa pembe ya mdomo, filimbi imeinama kuelekea begani, namna ambayo mwalimu yeyote wa muziki angeikataza, na noti zake zilikuwa safi kuliko za wote.

Filimbi nyingi za Fluki niliowaona ni za mwanzi, na mwanzi Kisangani umejaa kila kando ya mto. Chache zilikuwa za bomba la plastiki la mafundi wa maji, lililopimwa na kutobolewa kwa uangalifu. Baada ya mazoezi kiongozi aliniuliza kama nadharau plastiki. Nikamwambia hapana, na nilimaanisha. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti, watu wa msituni, karibu na Epulu, mashariki ya Kisangani katika barabara ya Mambasa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1961 jinsi alivyotarajia kuona tarumbeta takatifu ya molimo iliyochongwa kwa mti, akaona bomba la chuma lililochukuliwa kutoka kwa wajenzi wa barabara. Wambuti hawakuona tatizo. Walichojali ni sauti. Lakini walipokuwa wakiibeba, kila walipovuka kijito, waliizamisha molimo majini ili inywe. Bomba la chuma halina kiu. Desturi ile, nadhani, ni ya siku za mwanzi na mti, ya watu waliojua kwamba ala ikikauka inapasuka, na wakaendelea kuitunza hata chombo kilipobadilika.

Filimbi za mwanzi za Fluki zilikuwa zinapasuka palepale, mwishoni, karibu na tundu la mwisho. Tulikaa chini na kiongozi na vijana watatu nikawaonyesha kufunga uzi uliopakwa nta, mizunguko iliyobanana upana wa kidole kwenye kila ncha, kabla mwanzi haujaanza kupasuka. Wao wakanionyesha wanavyochagua mwanzi: uliokomaa, uliokatwa baada ya kugonga na kusikiliza mlio, si kwa kutazama rangi. Sikulijua hilo la kugonga kwa mwanzi. Kwa mpingo tunafanya vivyo hivyo.

Siku karatasi yangu ilipogoma kabisa kuingia, nilianza kazi yenyewe pale barazani. Bomba la ndani hushikiliwa na gundi ya zamani inayolegea kwa joto. Nilipasha fimbo ya chuma kwenye makaa ya mke wa mzee, nikaipitisha ndani ya bomba bila kugusa mti, nikangoja, nikavuta polepole. Lilitoka na mlio mdogo. Mjukuu wa mzee, msichana anayesoma chuo kikuu hapo Kisangani, alishika mwanga wa simu na kuuliza maswali makali kuliko ya wateja wangu wote: kwa nini Wabelgiji waliweka bomba kama walijua mti unanywea? Nilimjibu kwamba walitaka sauti kali ya kusikika uwanjani, na filimbi hizi zilitengenezwa kwa nchi ambayo walidhani hewa yake wanaijua.

Nilipiga msasa ukuta wa ndani wa mti, kidogo tu, ili bomba lirudi likiwa huru, bila kubana. Ufa niliujaza kwa vumbi la Mwenge na gundi nyepesi, tone baada ya tone, nikaukandamiza kwa uzi usiku mzima. Asubuhi nikakwangua ziada kwa kipande cha kioo. Bomba likarudi juu ya ukanda mwembamba wa nta, hivi kwamba mti ukitaka kupanuka au kunywea una mahali pa kwenda. Ndimi za viungio nikazifunga uzi mpya. Vifuniko nikavisafisha kwa ndimu na majivu, nikaviwekea ngozi ya mbuzi. Springi moja iliyokuwa imekatika niliikata upya kutoka kipande cha shaba nilichonunua kwa fundi saa karibu na soko kuu. Mafuta nikapaka ya lozi, kidogo sana. Mawese yapo tele na ni rahisi kushawishika, lakini huganda na kuvunda ndani ya tundu, na mwaka unaofuata utakuwa na kazi mbili.

Filimbi iliyolala miaka mingi haipulizwi kwa nguvu siku ya kwanza. Dakika kumi, noti za chini, kisha pumzika na kufuta ndani. Nilipuliza mimi kwanza kwa sababu ni wajibu wa fundi kujua kama ufa unashika. Noti ya chini kabisa ilikuja kwa kusita, yenye mchanga, halafu ikafunguka. Niliilinganisha na simu: iko chini kidogo ya noti ya leo. Hilo si kasoro. Ufaransa iliweka kwa sheria mwaka 1859 noti ya kulinganishia ya mitetemo 435 kwa sekunde, na 440 tunayoitumia ilikubaliwa kimataifa London mwaka 1939. Ala iliyotengenezwa kabla ya hapo ina haki ya kuimba kwa kipimo chake.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. "Iko napumua," akasema. Kisha akaichukua. Hakuwa amepuliza tangu utotoni, alipofundishwa na baba yake nyimbo za gwaride, na vidole vyake vilikuwa vinajua zaidi ya alivyodhani. Mdomo ndio uliokataa, pumzi ikatoka kando. Akampa mjukuu. Nikamfundisha kuweka mdomo na kuelekeza upepo ukingoni, na alipopata noti yake ya kwanza majirani wawili walikuwa wameshasimama mlangoni.

Tuliongea bei jioni ile. Mzee hakuwa anacheza: ada ya chuo inahitajika na pensheni ya mwalimu haitoshi. Nilimwambia wazi kwamba naweza kuinunua, na kwamba Dar es Salaam ina hewa ya bahari hivyo huenda filimbi ikasalimika kwangu, lakini nisingeweza kuahidi baada yangu itauzwa wapi. Nikamwomba aniuzie vipimo badala ya filimbi. Siri ya filimbi ya aina hii imo ndani ya mwili: tundu si la upana mmoja, linapungua taratibu kuelekea mguuni, na si kwa mstari ulionyooka, kuna mahali linabana kidogo na mahali linaachia, na mikunjo hiyo ndiyo inayozipatanisha noti za juu na za chini. Mwenye mikunjo hiyo anaweza kuikereza upya. Nilimweleza thamani ya vipimo hivyo kwangu, nikataja dola 150. Alifikiri, akashauriana na mkewe ndani, akarudi akasema dola 200, na niingize ndani ya bei hiyo mafunzo kwa mjukuu kwa siku zilizobaki. Tukapeana mikono. Noti zangu zilikaguliwa moja moja kwenye taa, kwa sababu Kongo noti ya dola yenye mkato mdogo haipokelewi, na moja ilirudishwa.

Kupima kulichukua alasiri nzima. Nilisukuma visahani vya vipenyo tofauti juu ya fimbo, kimoja baada ya kingine, nikisoma mahali kila kimoja kinapokwama, na mjukuu akaandika kwa mwandiko wa daftari la hisabati. Karatasi mbili, pande zote.

Sasa karatasi hizo ziko ukutani Gerezani. Nimenunua gogo la mpingo kutoka msitu wa kijiji wilayani Kilwa, nimelipasua vipande, nimezipaka ncha nta zisikauke haraka kuliko katikati, na nimetoboa tundu dogo la awali ndani ya kila kimoja. Mpingo wa filimbi huachwa utulie miaka, na mimi nitauacha. Kichwa nitakitengeneza bila bomba la madini, nimeshaamua. Filimbi ikikamilika nitaipeleka Mangobo tuipulize pamoja na ya Brussels, mjukuu akishika ile ya babu yake, ili tujue kama mikunjo niliyoiandika ndiyo yenyewe. Ananitumia sauti kwenye simu kila mwezi. Noti ya tatu ya juu bado inamsumbua, na nimemwambia achunguze kifuniko cha kidole kidogo, ngozi yake huenda imeanza kuvuja.